Kurusha ndoa mubashara kwa Canon 750D: jibu kwa kijana wa Ujiji

Swali lenyewe lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Assalaam alaykum kaka. Nipo Ujiji, napiga picha na video za harusi kwa Canon 750D. Kuna familia imenipa kazi ya ndoa, imebaki wiki tatu. Wanataka ndugu zao wa Bujumbura na Toronto waangalie mubashara YouTube, halafu kaka wa bibi harusi aliyeko Toronto azungumze na watu ukumbini kwa Zoom. Nimenunua kapcha kadi imeandikwa 4K, nikachomeka HDMI kwenye laptopu. Picha inakuja ila ina maandishi na kisanduku cheupe katikati, ikikaa muda inazima, na sauti haiendani na midomo. Ninunue kamera nyingine au kapcha kadi ndiyo mbovu?"

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Kamera nyingine usinunue kwanza, na kapcha kadi yako, yaani kile kifaa kinachoingiza picha ya HDMI kwenye laptopu, huenda ni nzima kabisa. Umetaja matatizo matatu, na kila moja lina chanzo chake. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu vijana wengi hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Mwandiga, wameniletea swali hilihili, na wapo waliokuwa tayari wameuza lenzi nzuri ili wanunue kamera ambayo nayo ingewazimia vilevile.

Tuanze na kisanduku cheupe. Tundu la HDMI kwenye kamera nyingi za picha liliwekwa ili mtu arudi nyumbani, achomeke kwenye televisheni ya sebuleni na kuwaonesha wenzake picha alizopiga. Kwa hiyo kinachotoka pale ni nakala ya kile unachokiona kwenye kioo cha nyuma, pamoja na alama ya betri, ISO na kisanduku cha fokasi. Zipo kamera zinazoweza kutoa picha tupu isiyo na alama hizo, na sisi tunaofanya kazi hii tunaiita HDMI safi. 750D haina. Wala 1300D na 2000D hazina, na hizo ndizo zilizojaa mikononi mwa wapiga picha wa mikoani. Ukibonyeza INFO mara kadhaa maandishi yatapungua, lakini kisanduku kitabaki, na shehe wa watu atakaa ndani yake kama picha ya kitambulisho. Hujakosea popote, ni namna kamera ilivyotengenezwa. Canon wenyewe waliitoa 5D Mark III mwaka 2012 bila HDMI safi, kisha Aprili 2013 wakaiongezea kwa apdeti ya programu ya ndani ya kamera. 750D haikupata apdeti ya namna hiyo, basi usipoteze bando kuitafuta.

Njia yako ni USB. Mwaka 2020, corona ilipowafungia watu ndani na kamera za mtandaoni zikaadimika madukani, Canon walitoa programu ya bure inayoitwa EOS Webcam Utility, inayoifanya laptopu iione kamera kama kamera ya kawaida ya Zoom. Sony, Nikon, Fujifilm na Panasonic nao wakatoa za kwao mwaka huohuo. 750D ilikuwamo kwenye orodha ya Canon tangu mwanzo, ila itafute kwa jina la Rebel T6i, maana Marekani iliuzwa kwa jina hilo. Ipakue ungali na bando zuri, isakinishe, kisha uwashe laptopu upya.

Hapo kuna mambo matatu yanayowakwamisha watu. Kwanza ni waya wenyewe: 750D hutumia ule mdogo wa USB wa zamani, na zipo nyaya zinazofanana nao ambazo ni za kuchajia tu, hazipitishi data. Laptopu isipoitika kabisa, badilisha waya kabla ya kulaumu kitu kingine. Pili, zima Wi-Fi ya kamera, kwa sababu ikiwa imewashwa kamera inakataa kuzungumza kwa waya. Tatu, ile programu nyingine ya Canon ya kuhamishia picha hujifungua yenyewe kamera ikichomekwa na kuikamata. Ifunge, halafu geuza swichi ya kamera kwenye video. Fungua OBS Studio, ile programu ya bure ya kurekodi na kurusha, ongeza chanzo cha kamera, chagua EOS Webcam Utility, na utaona picha tupu.

Nikwambie ukweli ili usije kushtuka mbele ya mteja: picha hiyo ya USB haifikii ukubwa wa 1080, yaani Full HD. Ni picha ya kioo cha nyuma tu, imesafirishwa. Na haina sauti hata kidogo. Maiki uliyoichomeka kwenye kamera haitasikika. Kuhusu sauti nitakuja kwa kirefu, kwa kuwa ndiko kazi kubwa iliko. Kuhusu ukali wa picha, usihangaike sana. Ndugu wa Bujumbura wataangalia kwa simu, na Zoom yenyewe kwenye mkutano wa watu wengi kwa kawaida haipitishi zaidi ya 720. Lenzi yako ya 50mm yenye tundu pana, hata kwenye picha ndogo, itampendeza bibi harusi kuliko kamera yoyote ya laptopu.

Ile kapcha kadi usiitupe wala usiiuze. Siku ukikodi kamera yenye HDMI safi, Canon M50 kwa mfano, au Sony ya familia ya a6000, utaihitaji. Ila uielewe, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia mara ya pili. Maandishi ya 4K kwenye kadi ndogo za bei nafuu maana yake inapokea mawimbi ya 4K upande wa HDMI. Upande wa laptopu haitoi zaidi ya 1080. Tupige hesabu. Picha moja ya 1080 ina nukta 1920 kwa 1080. Kila nukta ikibebwa kwa baiti 2, na fremu zikiwa 30 kwa sekunde, unapata takribani megabaiti 124 kila sekunde, ambazo ni karibu megabiti 1000. USB 2.0 hata kwenye makaratasi hubeba megabiti 480 tu. Haiwezi. Kwa hiyo kadi hizo, nyingi zikiwa na chipu iitwayo MS2109, hubana kila fremu kama picha ya JPEG kabla ya kuituma. Ukiingia OBS kwenye setingi za chanzo ukakuta umbo la picha ni YUY2, yaani picha isiyobanwa hivyo, kwa 1080, utapata fremu 5 kwa sekunde, na watu watatembea kwa kurukaruka. Badilisha iwe MJPEG, yaani hizo fremu za JPEG zilizobanwa, na picha itatulia palepale. Kadi za USB 3.0, kama Elgato Cam Link 4K, zina barabara pana ya gigabiti 5 na hazina shida hiyo, mradi uzichomeke kwenye tundu la USB 3.0 la laptopu, ambalo mara nyingi ni la rangi ya bluu ndani.

Jingine kuhusu HDMI kwa siku hiyo ya kukodi: matundu ya kamera ni madogo na yanaumia. 750D na nyingi za Canon zina HDMI ya mini, M50 na a6000 zina ya micro, ndogo zaidi. Waya mnene ukining'inia, mtoto akiugusa kidogo picha inakatika, na ukizoea hivyo tundu linalegea moja kwa moja. Mimi huupitisha waya kwenye mguu wa stendi, naufunga kwa utepe karibu na kichwa cha stendi, halafu naacha kitanzi kidogo kilicholegea kati ya utepe na kamera. Mtu akijikwaa, anavuta stendi, tundu linabaki salama.

Sasa kuzima. Kamera ya picha imeumbwa ifanye kazi kidogo kidogo: piga, pumzika, piga. Wewe unaitaka ikeshe saa tatu macho wazi. Ina saa ndani yake inayosema, huyu mtu amenisahau, ngoja nilale. Ingia kwenye menyu yenye alama ya spana, tafuta kipengele cha kamera kujizima, weka isizime. Kwenye Nikon kipo kipima muda cha kioo kikiwa wazi ambacho usipokigusa huzima baada ya dakika 10, nacho kirefushe. Kwenye Sony fanya hivyohivyo, kisha ruhusu kamera ipate joto zaidi kabla ya kujizima, setingi hiyo ipo kwenye nyingi za miaka ya karibuni.

Naliandika hili nikiwa na kumbukumbu chungu. Mwaka wangu wa kwanza wa kurusha, kwenye ndoa moja hapa mjini, nilipanga kila kitu vizuri na nikasahau kipengele hicho kimoja. Shehe alisoma hotuba yake, akamshika bwana harusi mkono, akaanza kumtamkisha. Kioo kikawa cheusi. Kamera ilihesabu muda wake ikalala. Niliigusa ikaamka, lakini zile sekunde zilikuwa zimepita, na mama mmoja aliyekuwa akifuatilia kutoka ng'ambo ya ziwa hakumwona mwanawe akitamka "nimekubali". Aliniambia mwenyewe baadaye, kwa upole kabisa, na upole ule uliniuma kuliko kama angenigombeza. Tangu siku ile sirushi kitu ambacho sijakiacha kikiwaka nyumbani kwa muda uleule wa sherehe.

Betri nayo. LP-E17 ya 750D ni ndogo, na kioo kikiwa wazi muda wote haikufikishi mbali. Nunua betri bandia. Ni kifaa chenye umbo la betri kinachoingia mahali pake, na waya wake unatokea kwenye kale kamlango kadogo ka mpira kilicho ubavuni mwa chumba cha betri. Chagua ile inayotumia USB, ambayo ina kisanduku cha kupandisha volti 5 za pawa benki hadi zinazohitajika na kamera, kwa sababu umeme ukikatika ukumbini kamera itaendelea kula kwenye pawa benki kama vile hakuna kilichotokea. Ile ya kuchomeka ukutani itazima papo hapo. Na tafadhali usikubali fundi akuungie adapta ya volti 12 kwenye betri bandia. Betri yako ni ya volti 7.2. Fedha utakayookoa hapo haitanunua hata bodi ya kamera.

Kwa joto, geuza kioo cha nyuma kikae mbali na mwili wa kamera ili nyuma ipate hewa, na usirekodi ndani ya kamera wakati huohuo. Rekodi kwenye OBS, faili la MKV badala ya MP4. Umeme au laptopu ikikorofisha katikati, MKV hubaki na yote yaliyorekodiwa hadi hapo, wakati MP4 inaweza kukataa kufunguka kabisa. Baadaye OBS yenyewe inakugeuzia iwe MP4.

Nije kwenye sauti, mdogo wangu, na hapa nisome taratibu. Mtu aliyeko Toronto atavumilia picha yenye ukungu kwa saa nzima. Sauti ikimkwaruza dakika mbili, anafunga. Kwenye ndoa, maneno ndiyo ndoa yenyewe.

Midomo kutoendana na sauti kunatokana na safari mbili zisizo sawa. Sauti ya maiki inaingia laptopu karibu papo hapo. Picha inasindikwa ndani ya kamera, inapita USB, inafunguliwa tena na programu, ndipo inaonekana. Kwa hiyo sauti hutangulia. Dawa ni kuichelewesha sauti imsubiri mwenzake, na OBS ina mahali pa kuandika ucheleweshaji huo kwa milisekunde, kwenye setingi za ziada za sauti. Usikisie namba, ipime. Simama mbele ya kamera maiki ikiwa jirani, anza kurekodi kwenye OBS, piga kofi moja kali. Fungua faili kwenye programu ya kuhariri unayotumia siku zote. Tafuta pale mstari wa sauti unaporuka juu, weka alama. Kisha sogea fremu moja moja hadi viganja viguse. Ukirusha kwa fremu 25, kila fremu ni milisekunde 40. Viganja vikigusana fremu 5 baada ya mruko, andika 200. Rudia kofi, utaona vimekutana au vimebakiza fremu moja ambayo hakuna jicho litakaloiona. Fanya kipimo hiki kwa vifaa vilevile na waya uleule utakaotumia siku hiyo, kwa sababu ukibadilisha kamera au kadi namba nayo inabadilika.

Sauti yenyewe itoe kwenye miksa ya mtu wa muziki. Mfuate siku moja kabla, msalimie vizuri, mweleze unachotaka. Watu wa muziki wanakerwa na mpiga picha anayekuja dakika za mwisho akiwa na waya mkononi. Kama miksa ina USB, ingiza USB kwenye laptopu na umemaliza. Kama haina, utahitaji kisanduku kidogo cha sauti cha USB. Kale katundu kamoja ka hedifoni kwenye laptopu kana maiki na spika pamoja, na kwa upande wa maiki kanategemea sauti dhaifu. Ukikaingizia sauti ya miksa itapasuka hata ukiishusha.

Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya laptopu. Ukikoma, ni umeme unaozunguka kwenye nyaya za dunia kwa sababu laptopu na miksa zimechomekwa soketi mbili za mbali. Ziweke kwenye ekstensheni moja. Usikate ule mguu wa dunia wa plagi kama wengine wanavyofanya. Upo ili usipigwe na shoti.

Kaka wa bibi harusi ndiye mtihani wenyewe. Ushauri wangu ni kwamba Zoom iendeshwe kwenye laptopu ya pili, hata ya kuazima, na OBS ibaki peke yake kwenye yako. Laptopu moja inaweza kufanya yote mawili, kwani tangu toleo la 26 la mwaka 2020 OBS ina kamera ya kidhahania ndani yake unayoichagua Zoom kama kamera nyingine yoyote. Lakini kamera hiyo haibebi sauti, na kichakataji cha kawaida kikibeba YouTube na Zoom kwa pamoja kinaanza kuhema katikati ya kazi. Kamera ya laptopu ya pili itatosha, maana kaka anachotaka ni kuwaona watu wa kwao wakimsikiliza.

Sauti ya kaka ikitoka Zoom iingie miksa kwenye chaneli yake ili ukumbi mzima umsikie. Sauti ya ukumbi inapaswa kurudi kwake. Kosa ambalo karibu kila mtu hufanya ni kumrudishia sauti yote inayotoka kwenye miksa. Ndani ya hiyo yote na yeye yumo. Atajisikia mwenyewe akirudi baada ya muda kidogo, na hakuna mwanadamu anayeweza kuzungumza huku maneno yake yakimfuata nyuma. Atababaika na kunyamaza, na watu ukumbini watadhani ni machozi. Kwa hiyo tumia njia ya AUX ya miksa, yaani njia ya pembeni ya kutoa sauti unazozichagua tu. Kila chaneli ina kitufe chake cha kuzungusha cha AUX. Cha maiki ya shehe na ya MC kipandishe. Cha chaneli ya Zoom kiache sifuri kabisa. Waya wa AUX ndio uende laptopu ya Zoom. Waya wa sauti kamili, yenye kaka ndani yake, uende laptopu yako ya OBS, kwa sababu wanaoangalia YouTube wanapaswa kuwasikia wote. Kaka akizungumza, pawe na maiki moja tu iliyo wazi ukumbini.

Kwenye Zoom, washa setingi ya sauti halisi. Bila hiyo, programu inasikia dufu na kaswida na kudhani ni kelele za feni, inazikata. Na ukiwa na akaunti ya bure kumbuka dakika zako ni 40. Usiufungue mkutano saa nzima kabla ya zamu yake.

Mwanga nitausema kwa ufupi. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona, ila kamera inaona. Kamera ikiwa kwenye mfumo wa video wa NTSC badala ya PAL, na shata ya 1/60, utapata mistari inayotambaa juu ya ukuta. Weka PAL, shata 1/50, na OBS iwe fremu 25. Rangi nyeupe ipange mwenyewe isijibadilishe kila taa ya DJ inapogeuka, na fokasi iwe ya mkono. Kama ukumbi una madirisha yanayotazama ziwani, usiwakalishe maharusi mbele yake kuanzia alasiri. Ziwa letu liko magharibi, jua likishuka maji yanageuka kioo, na maharusi watakuwa vivuli viwili. Omba jukwaa liwe ukuta wa pili mapema, kabla mapambo hayajafungwa.

Intaneti. Nenda ukumbini siku nyingine, saa ileile ya sherehe, upime kasi ya kupandisha. Watu wengi wanasoma ile ya kushusha na kufurahi bure. Pima mara tatu, chukua ndogo kuliko zote, tumia nusu yake. Kwa 720, kilobiti 2500 kwa sekunde zinatosha, kwa hiyo utafute mahali unapopata megabiti 5 zisizoyumba. Hesabu ya bando ni rahisi: 2500 hizo ni takribani gigabaiti 1.1 kwa saa, ukiongeza sauti, saa tatu ni kama gigabaiti 3.5. Nunua zaidi ya hizo, na uwe na laini ya mtandao wa pili kwenye simu nyingine ikiwa tayari. Simu iunge laptopu kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi, kwa sababu wageni mia tatu wenye simu mfukoni huchafua hewa ya Wi-Fi. Nilishawahi kupata mara mbili ya kasi kwa kuiweka simu dirishani tu, juu ya kizingiti, upande wa mnara. Ukiona OBS inaandika kuwa inaangusha fremu, soma vizuri: zikiwa za mtandao, punguza kilobiti, zikiwa za kuchakata, laptopu imeelemewa, funga vingine vyote.

YouTube wenyewe ufungue mapema. Akaunti ambayo haijawahi kurusha inaweza kusubirishwa hadi saa 24 kabla ya kuruhusiwa, na wapo walioligundua hilo bibi harusi akiwa tayari kwenye gari. Weka kiungo kisichoonekana hadharani, mwenye nacho tu ndiye aingie. Muziki wa DJ unaweza kutambuliwa na YouTube na urushaji wako ukasimamishwa, kwa hiyo ndoa yenyewe na hotuba zirushwe, na muziki ukianza kutawala zima kwa heshima.

Kaa pia na wazee wa familia uwaulize kipi kirushwe na kipi kisirushwe, hasa upande wa wanawake. Kuna akina mama watakaovua baibui humo wakijua wako wao kwa wao. Kamera isigeukie huko bila ruhusa ya wazi, na ruhusa hiyo itoke kwao wenyewe, si kwa kijana wa kamati. Na kwenye kiungo andika saa kwa kila nchi. Saa tisa alasiri ya Kigoma ni saa nane Bujumbura, na Toronto, kama ni majira yao ya joto, ni saa mbili asubuhi.

Fedha uliyotaka kununulia kamera igawe hivi: betri bandia na pawa benki nzuri, kisanduku cha sauti cha USB kama miksa haina USB, nyaya za akiba za kila aina unayotumia. Ikibaki, iweke. Siku utakapohitaji kamera mbili au tatu kwa pamoja, kuna kifaa kama ATEM Mini ya Blackmagic, iliyotoka mwaka 2019, yenye matundu manne ya HDMI na inayoonekana kwenye laptopu kama kamera moja ya USB. Lakini hiyo ni ya kamera zenye HDMI safi, na si ya ndoa hii.

Una wiki tatu. Wiki hii sakinisha programu, na upige lile kofi. Wiki ijayo funga kila kitu sebuleni, mpigie ndugu yeyote wa mbali Zoom kupitia miksa, uache kamera ikiwaka saa tatu kamili huku ukirusha kwa kiungo cha siri. Ukimaliza niandikie mambo matatu: namba ya milisekunde uliyopata, kasi ndogo ya kupandisha uliyopima pale ukumbini, na kama kamera ilizima, ilizima dakika ya ngapi. Nikiwa na hayo nitakwambia cha kurekebisha kabla ya siku yenyewe.